Sura ya Tisa: Kiziwi wa Mtaa wa Kengele

Hati zilikuwa safi, na hilo ndilo lililomkera Mkaguzi Msaidizi Kokila Chavda. Alizigeuza mara tatu juu ya boneti la jipu la polisi, akazinusa hata, kama mama mkwe anayekagua samli ya mkwewe. Mhuri wa daktari wa mifugo upo. Jina la muuzaji lipo. Namba zipo, na zinalingana moja kwa moja na hereni za manjano zilizoning'inia masikioni mwa nyati wa maziwa kumi na wanne waliofungiwa katika zizi la nyuma la mnada wa Virasar.

"Umeridhika, dada Kokilaben?" aliuliza Lakhubhai, mfanyabiashara wa mifugo, huku akimimina chai kwenye kisahani ili ipoe. "Nimenunua kwa haki mbele ya Mungu na watu. Lori langu linafika kesho saa sita mchana. Napakia, naondoka."

"Ni nyati wangu!" ilisema sauti upande wa pili wa uzio.

Mwenye sauti alikuwa Jannatbai, mjane wa Sule, mfugaji wa nyika ya Banni. Alikuwa amekaa pale chini tangu alfajiri, hajala, hajanywa. Nyati wale waliibwa siku kumi zilizopita wakiwa malishoni, na ndio mali yote aliyoachiwa na marehemu mumewe. Wakipakiwa lorini, yeye na binti zake wawili hawana tena cha kukaa nyikani. Watakwenda kuishi bandarini, chumba cha nyuma kwa shemeji yake, na kula kwa hisani ya watu mpaka siku ya kufa.

"Yule mkubwa ni Moti, ndiye kiongozi," alisema Jannatbai akionyesha kwa kidole. "Yule mdogo mwenye doa jeupe kwenye paji ni Dhingli. Yule..."

"Hata mimi naweza kuwapa majina," Lakhubhai alimkata. "Yule mwiteni Waziri Mkuu. Jina siyo ushahidi, mama."

Na kwa bahati mbaya alikuwa na haki. Hereni za zamani zilikuwa zimeng'olewa, pembe zimekatwa ncha na kusuguliwa. Picha hakuna. Chapa hakuna, maana ukoo wa Sule hauchomi nyati moto. Mkuu wa Kokila alikuwa ameshapiga simu kutoka makao ya wilaya kusema kwamba bila ushahidi wa kusimama mahakamani, wanyama waachiwe kesho saa sita kamili, na asisikie neno la ziada.

"Shemeji, usijitese," alisema mwanamume aliyemshikia Jannatbai mwavuli. Huyu ndiye Alarakha, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa kazi za bandarini, aliyefika siku tatu zilizopita baada ya kusikia msiba wa wizi. "Nyumba yangu ni yako. Watoto wako ni wangu. Tuondoke tu, jamani."

Mtu mwema, watu walisema sokoni. Siku hizi nani anajitwika mjane wa mdogo wake?

Kokila alirudisha hati kwenye bahasha. Alikuwa mwanamke wa Rajkot, mji mkubwa, na katika miaka yake miwili Virasar hakuna aliyemsikia akishangaa kitu. Alikuja kwa Lakhubhai, akavuta kiti cha kamba, akaketi.

"Niambie ulivyowanunua. Upya."

"Nimeshasema mara nne."

"Basi hii ya tano itakutoka vizuri."

Lakhubhai alipiga kisahani cha chai kwa mkupuo mmoja. "Siku sita zilizopita, kando ya barabara kuu. Watu wawili na lori. Nikaona nyati, nikaona hati, tukapatana. Lakini nakwambia kweli, afande, nimekula hasara. Tisa kati yao wana maziwa, kiwele kimejaa hivi, na kwa siku nzima sipati hata ndoo moja! Wanazuia. Nimewaimbia, nimewapa mbegu za pamba, nimebadilisha wakamuaji. Wanakutazama tu kama umewatukana."

"Lorini walishukaje?"

"Hawakushuka! Saa nzima tunawavuta. Mpaka yule bubu alipotoka kwenye kebini."

Kokila aliinua kichwa. "Bubu gani? Umesema watu wawili."

"Wauzaji wawili. Bubu alikaa mbele tu, kilemba kimefunika uso mpaka macho. Waliniambia ni bubu wa kuzaliwa. Alishuka, akatia mkono mfukoni, akawapa kitu, na nyati wakamfuata chini kama mbuzi. Halafu akarudi kukaa."

"Na hilo hukuliona kuwa la kusema mara zote nne?"

"Bubu hasemi kitu, nami nimseme?" Lakhubhai alicheka peke yake.

Kokila hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa kidole gumba kwenye viungo vya vidole vyake. Wizi, siku kumi. Mauzo, siku sita. Kituoni, nyuma ya nondo, alikuwa amemweka Mamad, kibarua wa Jannatbai, kwa sababu ndiye aliyekuwa malishoni usiku ule na ndiye mtu pekee ambaye nyati wangemfuata bila kelele. Mamad alikamatwa kesho yake. Siku tisa yuko ndani, siku tisa analia na kuapa. Basi siku sita zilizopita asingeweza kuwa kwenye kebini ya lori lolote duniani.

"Ramsang," alimwita konstebo wake. "Nenda kamfungulie Mamad. Mpe chakula cha moto. Mwambie nitakuja kumwomba radhi mwenyewe."

Ramsang, mzaliwa wa Virasar mwenye sharubu kubwa kuliko cheo chake, alibaki mdomo wazi. "Kumwomba radhi, afande?"

"Umesikia. Kuna mtu mwingine ambaye nyati hawa wanamjua. Hatumjui sisi tu."

Jannatbai alikuwa amesikia yote kwenye uzio. Akasema kwa uchungu, siyo kwa Kokila hasa, bali kwa zizi lile: "Wangekuwa na kengele yao shingoni nisingebishana na mtu. Mnada mzima ungesema ni wa nani."

"Kengele gani?" aliuliza Kokila.

Ramsang na Lakhubhai walitazamana. Hata muuza chai aliacha kukoroga.

"Afande," Ramsang alianza kwa upole, kama anayempa mtu habari ya kifo, "hujui habari ya kengele?"

"Ningejua ningeuliza?"

"Kila ukoo wa wafugaji una sauti yake. Inavaliwa na kiongozi wa kundi. Baba, babu, baba wa babu, sauti ni ileile. Ndama anaisikia kabla hajasimama. Mimi hapa, nifunge macho, kundi lipite, nakwambia huyo ni fulani mwana wa fulani."

"Na siku kumi zote hizi hukuniambia?"

"Uliuliza hereni, afande. Kengele hukuuliza."

Kokila aliligeukia zizi. "Mwizi aliivua."

"Lazima! Ingemtangaza njia nzima."

"Basi nani aliitengeneza?"

"Mzee Umar Luhar, Mtaa wa Kengele. Wao ndio watengenezaji tangu Virasar iwe Virasar."

Alarakha alitoa kicheko kidogo cha huruma. "Dada yangu mkaguzi, usipoteze siku. Mzee Umar ni kiziwi miaka kumi na miwili sasa. Yule hasikii hata radi ikimpigia mlangoni. Kengele ya ukoo wetu imekwenda, na hakuna wa kuirudisha."

"Twende tukamwone huyo asiyesikia radi," alisema Kokila, akavaa kofia yake.

Mtaa wa Kengele siku hizi una karakana tano tu, nyingine zimekuwa maduka ya simu. Mzee Umar alikuwa kwenye shimo lake la kazi, miguu ndani, fuawe katikati ya magoti, mikono myeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko. Mkwe wake Rukhsana alikuwa akichambua vipande vya bati kuukuu. Kokila alimweleza mwanamke huyo shida yake kwa maneno machache, akamtaka amwambie mzee jina la ukoo tu, asiongeze hata nukta.

Rukhsana hakufungua mdomo. Alimshika mkwewe mkono, akamgonga kwenye kifundo kwa vidole viwili, ndiyo lugha yao wawili: taratibu, taratibu, kisha mara mbili harakaharaka.

"Sule!" mzee alipiga kelele, kama wanavyopiga watu wasiojisikia. "Sule mwana wa Jusab mwana wa Haji Bachu! Walifika hapa na nyati wawili na mtoto mwenye homa! Mto bado ulikuwa unapita chini ya ukuta huu. Babu wa babu yangu akawauliza, mnataka sauti gani? Yule mama akasema, nipe sauti ambayo mwanangu ataisikia akiwa ndani kabisa ya homa. Akawapa ya chini, chini sana. Mtoto alipona. Ndiye aliyezaa wote hawa."

Kokila alikuwa ametoa daftari, lakini kalamu haikutembea.

"Anajua za wangapi?" alimuuliza Rukhsana.

Rukhsana aligonga. Mzee akacheka kwa kishindo.

"Mia moja na ishirini na nne! Unafikiri Virasar ilianza na mnada? Ilianza na shimo hili! Mfugaji akija kutoka jangwani, kitu cha kwanza kutafuta ni sauti. Akisubiri kengele ipoe, anajenga kibanda. Wenye kibanda wakawa wengi, akaja muuza nguo. Akaja wa mizani. Msikiti ukaja, hekalu likaja. Wote hao tumewakaribisha sisi!"

"Na zinazolia leo ni ngapi?"

Vidole viligonga. Mzee alipojibu safari hii, sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Tisini na tatu."

"Nyingine thelathini na moja?"

Rukhsana alijibu mwenyewe, bila kumgonga. "Wenyewe hawapo, dada. Nchi ilipogawanywa, wengine walivuka mpaka. Wengine ukame. Wengine wamelala chini ya nyumba zao tangu tetemeko. Lakini kila mwaka mvua zikianza, baba anazitengeneza zote thelathini na moja, moja baada ya nyingine. Akiridhika na sauti, anaipondaponda na nyundo."

"Anaiponda? Kwa nini?"

"Huwezi kumuuzia mtu sauti ya mtu mwingine," alisema Rukhsana, kama jambo hilo halihitaji kuelezwa. "Lakini mkono usisahau. Huenda wakarudi."

Kokila alivua kofia. Hakukusudia. Alijikuta tu ameishika mkononi, kichwa wazi, mbele ya mzee aliyejaa masizi. Watu mia moja na ishirini na wanne waliofika kwa miguu, kila mmoja na mwanawe na homa yake, na wote walikuwa ndani ya kifua kimoja kisichosikia. Alipita mtaa huu kila siku kwa miaka miwili akielekea kununua mboga. Alijionea aibu.

Lakini polisi ni polisi. Aliweka masharti. Jannatbai asikanyage karakana. Mtu asimwimbie mzee wala kumwonyesha kengele yoyote. Ramsang akae mlangoni aandike kila kinachoingia na kutoka. "Nataka wakili yeyote akija kuipekua kazi hii, akose pa kutia kucha," alisema.

Mchana ule Mzee Umar alikata bati, akalikunja, akaliunga kwa kupindanisha kingo tu, bila kuchomelea. Alilipaka tope, akalinyunyizia unga wa shaba, akalifunika tena kwa udongo na pamba mpaka likawa kama andazi kubwa, akalisukuma tanurini. Jioni alilitoa likiwa jekundu, akaliacha lipoe, akaenda kuswali. Mlango ukafungwa kwa kufuli la kituo, ufunguo ukalala mfukoni mwa Kokila.

Asubuhi ilipofika, kila mtu Virasar alikuwa amepata shughuli Mtaa wa Kengele. Kokila aliwafukuza hadi kona ya pili. Jannatbai alimketisha ng'ambo ya barabara, uso ukutani, mgongo kwa karakana, na Ramsang kando yake.

Mzee alipasua udongo. Kengele ilitoka ikiwa na rangi ya asali. Alitundika ulimi wa mti ndani yake, kisha akafanya jambo ambalo Kokila hakuwahi kuliona: alilishika sikio la kengele kwa meno, akafumba macho, akaitikisa.

Ilitoa sauti. Kwa Kokila ilikuwa sauti ya kengele tu, basi.

Mzee alitikisa kichwa. Akaiweka kwenye fuawe, akagonga ukingo kwa nyundo ndogo, pigo moja. Akaiuma tena. Akatikisa kichwa. Akagonga. Akauma. Jasho lilimtiririka ndevuni.

"Anasikia kwa meno?" Kokila alinong'ona.

"Kwa mifupa," alisema Rukhsana. "Masikio yalipokufa alilia mwezi mzima. Siku moja akaiuma moja kwa hasira. Hajalia tena."

Pigo la kumi na tisa. La ishirini. Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu, na kule barabara kuu lori la Lakhubhai lilikuwa tayari linakuja. Kokila alihesabu mapigo kimoyomoyo. La ishirini na nane, mzee aliuma, akaitikisa, na kichwa hakukitikisa. Nyundo aliiweka chini polepole.

Wakati uleule, ng'ambo ya barabara, Jannatbai alisimama. Hakugeuka. Alisimama tu, mikono yote miwili ukutani, na kilio kikamtoka kama cha mtu aliyeitwa kwa jina na marehemu.

Kokila aliwatazama, mmoja halafu mwingine. Mmoja hasikii, mwingine haoni, na wote wawili wamefika mahali pamoja kwa nukta moja. Kwa mara ya kwanza tangu avae sare alitamani mama yake angekuwepo aone.

"Andika saa," alimpazia Ramsang sauti. "Kisha andika kwamba kilio siyo ushahidi. Tunawahitaji nyati."

Mnadani, Lakhubhai alikubali jaribio la kengele bila kusita. "Wachanganye na wangu wote sabini. Wakijitenga wenyewe kwa kengele, wachukueni. Nami nitakwenda kuwatafuta walioniuzia mpaka kwenye tumbo la mama zao. Wasipojitenga, lori linaondoka na mkaguzi anainunulia dizeli."

"Nimekubali," alisema Kokila.

Nyati themanini na wanne walijazwa uwanja mkubwa, mweusi juu ya mweusi, huwezi kumjua huyu na yule. Lango la mbali likafunguliwa. Hapo nje walisimama Ramsang na kengele tatu, Jannatbai, shemeji yake na mwavuli wake, na Mamad aliyetoka kituoni akiwa amekonda, aliyekuja kwa sababu hakuwa na kwingine pa kwenda. Kokila alipanda juu ya ukuta aone vizuri.

Kengele ya kwanza ilikuwa ya ukoo mwingine, imeazimwa kwa ajili ya jaribio. Ramsang aliipiga. Nyati waliendelea kupunga mikia.

Ya pili, ya ukoo mwingine pia. Mmoja alikohoa.

"Waziri Mkuu hataki kusikia!" Lakhubhai alipaza sauti, na watu wakacheka.

Ramsang akainua ya tatu.

Sauti ile ilikwenda chini, chini sana, juu ya vumbi. Katikati ya uwanja kichwa kimoja kiliinuka. Halafu kingine kule ukutani. Halafu vitatu pamoja. Moti alitoa mlio mrefu uliopasua uwanja, na akaanza kutembea, akisukuma wenzake kwa kifua, na nyuma yake wakajipanga mmoja mmoja wakitoka kila pembe. Maziwa yalikuwa yanawadondoka wakitembea. Kokila aliona kwa macho yake: viwele vilivyogoma siku sita vilikuwa vikimwagika mavumbini bila kuguswa na mkono. Hakuna aliyecheka tena. Mahali penye watu mia tatu palisikika kwato tu.

"Kumi na mmoja," Mamad alihesabu akilia. "Kumi na wawili. Kumi na watatu. Kumi na wanne!"

Lakhubhai alivua kilemba chake. "Nimeona," alisema. "Nitatia sahihi popote unapotaka."

Moti alifika akamwekea Ramsang shingo mkononi. Jannatbai alijitupa kwenye shingo ile. Na Kokila angeteremka ukutani akafunga daftari, kesi ikiwa nusu, kama asingemwona Dhingli.

Yule mdogo mwenye doa jeupe alikuwa ameiacha kengele. Alipinda kushoto, akampita Mamad, akamwendea Alarakha, akachomeka pua kwenye mfuko wa kanzu yake.

"Toka!" Alarakha alimsukuma.

Dhingli alirudi. Akalamba mfuko. Nyati mwingine akaja kusaidia.

"Wanakupenda, ndugu," mtu mmoja alitania.

Kokila aliruka chini. "Jannatbai, huyu mdogo ana umri gani?"

"Mvua tatu," alisema Jannatbai bila kuinua uso.

"Alarakhabhai, wewe uliondoka nyikani lini?"

"Miaka sita. Kila mtu anajua."

"Na tangu hapo?"

"Sijarudi malishoni hata siku moja. Sina kazi na nyati."

"Alizaliwa ukiwa na miaka mitatu bandarini. Amekujulia wapi?"

Mwavuli ulishuka taratibu. "Nyati ni nyati. Ananusa sukari guru tu. Kila mnyama anapenda sukari guru."

"Anapenda. Lakini hakuna aliyejua kwamba mfukoni mwako kuna sukari guru, ila yeye." Kokila alitia mkono kwenye mfuko ule, akatoa vipande viwili vya kahawia vilivyoshikana na nyuzi. "Siku nne uliwaficha, kabla ya kuwauza. Uliwalisha hii ili wanyamaze. Ukawateremsha lorini kwa hii. Mazoea hayo, siyo? Leo asubuhi umejaza mfuko bila hata kufikiri."

"Ndivyo walivyoshuka lorini!" Lakhubhai alipiga kelele. "Hivyohivyo, pua mfukoni! Kumbe bubu anasema!"

Jannatbai aligeuka. Alimtazama mtu aliyemshikia mwavuli siku tatu mfululizo.

Alarakha hakukimbia. Alikuwa na miaka hamsini na uso wake ukawa wa mtoto aliyenyang'anywa. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Mimi! Baba alipokufa kengele alimpa Sule. Mbele ya watu wote. Alisema mkono wangu ni mzito kwa wanyama. Nikaenda kubeba chumvi za watu. Sule akafa, nikasema sasa. Ikabaki shingoni mwa Moti, na mwanamke wa kuja ndiye anaifuata nyuma. Nilitaka isilie kabisa. Basi."

"Iko wapi ile ya zamani?"

"Baharini."

Kokila alimfunga pingu. Watu walikuwa wameanza kutukana, wengine wakiokota mawe, na Ramsang akawatolea macho. Jannatbai alikuwa ameichukua kengele mpya na kamba yake ya ngozi, akaelekea kumvisha Moti.

"Shemeji," alisema Alarakha.

Jannatbai alisimama.

"Niache nimvishe mimi. Mara moja tu. Halafu wanipeleke wanapotaka."

Mzomeo uliopanda hapo ulisikika mpaka hekaluni. Mamad alitema mate chini. Kokila alikuwa akifungua mdomo wa kusema hapana, lakini Jannatbai alimwinulia mkono. Aliangalia kengele, akamwangalia mtu yule, kwa muda mrefu, kama anayepima kitu ambacho hakina mizani sokoni.

"Mfungue mkono mmoja," alisema.

"Jannatbai..."

"Mmoja tu, mkaguzi."

Pingu ikafunguliwa upande mmoja, Kokila akaushikilia wa pili. Alarakha aliipokea kengele. Hakuweza kufunga kamba kwa mkono mmoja, akapiga magoti, akaishikilia ncha moja kwa meno. Moti aliinamisha kichwa, akatulia, akamsubiri. Fundo likakaza. Nyati aliponyanyua shingo ile sauti ya chini ikatoka, na Alarakha akaegemeza paji lake kwenye ubavu mweusi, akalia bila kujificha.

Jannatbai alimwacha alie mpaka akamaliza. Alichukua mwavuli ulioanguka mavumbini, akaufunga, akamkabidhi Ramsang. Kisha akaja mbele ya Kokila akiwa amenyooka.

"Sasa toa kalamu," alisema. "Andika jina lake lote, na la baba yake. Natia kidole gumba."